Kabula Hakusimama

Ijumaa, 6 Februari
Nimelipiga pasi tena gauni la Jumapili. Shangazi anasema nitaliunguza. Treni ya Dar ilichelewa, wageni wangu wamefika saa tisa alasiri: Elia, mchumba wangu, na baba yake mkubwa, Mzee Pazi, mwenye barua ya posa. Kesho nawatembeza mjini Tabora. Jumapili nawapeleka Puge kwa baba.

Jioni nikampigia baba. Nikasema nilichokuwa nakikwepa mwezi mzima: hawa watu nimewaambia yeye ni mwalimu mkuu mstaafu. Akiulizwa, akubali. Nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Haya, mama."

Baba hajawahi kufundisha hata chekechea. Ni manju wa ngoma, huongoza kuimba na kucheza kwa malipo. Nimesomeshwa kwa miguu yake. Shuleni waliniita mtoto wa njuga. Nayaandika haya na bado sitaki wajue. Sina haya mimi.

Jumamosi, 7 Februari
Mvua tangu alfajiri. Boma la Mjerumani tumeliona tukiwa ndani ya bajaji. Kwihara, kwenye tembe la makumbusho, tope lilimvua Elia kiatu.

Mzee Pazi hakunyamaza. Mzaramo yule, kila Mnyamwezi aliyepita alikuwa halali yake. Alimwambia mlinzi wa tembe kwamba babu zake walifika pwani na mizigo wananuka, ikabidi Wazaramo wawaogeshe. Mlinzi akajibu kwamba babu zake waliwakuta Wazaramo bado wamelala. Wakashikana mikono kwa kucheka. Ndiyo utani wetu na wao tangu enzi za misafara. Mtu anakutukana na hununi.

Mvua ikazidi. Elia akaona bango: mchezo wa kuigiza wa wapagazi, ukumbi wa parokia, saa kumi. Tukaingia tujikaushe.

Mpagazi wa mbele alikuwa baba. Miguu mitupu, gunia begani, njuga. Sikujua kama ana onyesho. Jana sikumuuliza hata habari zake.

Alicheza vizuri. Hilo nalo liandikwe.

Mwishoni, kama desturi ya ngoma zetu, kila mchezaji aliita ndugu yake aje amtuze. Asiyeitikiwa ni kama hana mtu. Baba alishaniona. Hakuita Getruda, jina wanalolijua wageni. Aliita la nyumbani.

"Kabula wangu yuko hapa. Kabula, njoo unituze."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Akaita tena. Nikatazama viatu vyangu.

Mzee Pazi akainuka, akapanda jukwaani, akamkabidhi mwavuli wake. Akatangaza kwamba Kabula amekufa, na mtani huyu sasa atazikwa na Wazaramo. Ukumbi ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka, Mungu wangu.

Jumapili, 8 Februari
Puge. Baba amevaa suti ya kuazima kwa katekista, na miwani isiyo yake. Akajikwaa kizingitini. Mzee Pazi alimtazama usoni, kisha miguuni, akasalimia, akakaa. Baba akasema anafurahi kumwona kwa mara ya kwanza. Akasema alifundisha hesabu. Elia akauliza shule gani. Baba akanitazama mimi.

Nilipoingia chumbani kuchukua sahani niliuona ule mwavuli, umefungwa kwenye gunia, umesukumwa chini ya kitanda.

Mzee Pazi hakutania. Saa mbili nzima, Mzaramo nyumbani kwa Mnyamwezi, ni "naam" na "asante" tu. Baba akashindwa kuvumilia, akamuuliza mbona hamtanii.

"Mtani wangu nilimwona jana," akasema Mzee Pazi. "Wewe, mwalimu mkuu, sikujui. Na barua hii ni ya baba wa binti. Nimpe nani?"

Kuku akaingia, akatoka. Hakuna aliyemfukuza.

Nikapiga magoti mbele ya baba. Nikasema Kabula ni mimi. Baba hajawahi kuwa mwalimu. Uongo wote ni wangu. Elia akatoka, akasimama mvuani. Aliporudi hakukaa karibu nami. Mzee Pazi akaiweka barua mbele ya baba, akamwambia avue hiyo miwani, anafanana na bundi. Baba akacheka. Mimi sikuweza.

Jumatatu, 9 Februari
Wageni wameondoka. Elia alisema atanipigia. Hajapiga. Simlaumu.

Asubuhi nimechemsha maji, nikamkanda baba miguu. Imevimba. Hajanigombeza. Natamani angenigombeza.

Ameniuliza jambo moja tu. Juzi ukumbini mvua ilikuwa kubwa. Je, nilimsikia alipoita mara ya kwanza, au ya pili?

Nikamwambia, ya kwanza.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema aliita mara ya pili kwa sababu alidhani ni mvua. Kisha akanipa mguu wa pili.