Tofali Lisilopinduka

Kwa dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na watoto, na kikohozi cha yule wa mwisho naomba kiwe kimekwisha. Mimi nipo, ila bega la kulia linanisumbua. Mumeo anakula vizuri, na bado ananitangaza kazini kwamba nakoroma kama mashine ya zege.

Sasa tunajenga ghorofa ya kwanza. Shemeji husimama juu ya jukwaa, mimi namrushia matofali kutoka chini, anadaka na kumpa fundi. Watu hudhani ni nguvu. Si nguvu, dada. Mguu wa kushoto unatangulia, magoti yanakunjuka, mkono unapita karibu na paja, na tofali unaliachia usawa wa kifua likiwa limelala. Ukilisukuma kwa kiganja linapinduka, na tofali linalopinduka hata shetani halidaki. Msimamizi hujisifu kwa wageni kuwa shemeji anadaka huku akipiga soga, bila kuangalia. Nami nilivimba kichwa, maana mrushaji ni mimi.

Wiki iliyopita bega liligoma, nikajaribu kurusha kutokea ubavuni. Tofali lilikwenda polepole, kushoto kidogo tu. Shemeji alifumba mikono mitupu, likampiga mdomoni. Fundi alimdaka mkanda, la sivyo angeanguka. Nilipopanda nilimkuta ameng'oka meno mawili, anapapasa kutafuta ngazi iliyokuwa mbele ya miguu yake.

Jioni alinieleza kila kitu. Macho yake yamejaa ukungu tangu jengo lianze. Husikia pumzi yangu ninapoachia, kisha hufumba mikono, kwa kuwa tofali langu hufika palepale kila mara. Aliniapisha nisikwambie, akaniuliza mwanamume asiyeona atawalisha nini watoto. Niliapa. Leo navunja kiapo, na roho inaniuma.

Daktari amenikataza kurusha. Nikiacha, atawekwa mrushaji mwingine, na shemeji hatashuka kwa hiari. Kwa hiyo nameza vidonge na kurusha vilevile kama zamani. Leo bega liligoma tena, tofali likapita karibu na sikio lake. Alicheka tu. Mimi naogopa, dada. Nikimwambia msimamizi, shemeji atafukuzwa kwa aibu; wewe atakusikia. Njoo umchukue. Usipige simu, atakudanganya.

Watoto wapate salamu za mjomba wao. Na ukifika mchana, nakuomba, usimwite akiwa juu. Ngoja ashuke.

Ni mimi mdogo wako,
Mkoromaji