Chaki ya Baba

Azpeitia, 14 Novemba

Kwa kaka yangu mpendwa Beñat,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Montevideo, wewe, Graciana na kichanga wenu, ambaye mama ameshaonyesha picha zake hadi kwa muuza samaki. Sisi huku hatujambo. Matufaha yamekwisha kukamuliwa, na ghala linanukia mpaka nguo zangu zimeshika harufu. Najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu tu. Soma, utajua.

Nianze na baba. Mkono wa kushoto bado unatetemeka akikaa, lakini dawa zinamsaidia, na ulimi wake haujapunguzwa makali. Juzi Koldo jirani yetu alimtania kwamba siku hizi anatembea kama bata. Baba akamjibu kwamba bata si haba, kuna watu hapa hata mbwa wao hutangulia mbele wasionekane nao. Walicheka mpaka mama akawafukuza jikoni.

Unakumbuka tulivyojidanganya? Kila Januari pipa la kwanza likifunguliwa na mtu akiita "Txotx!", baba alikuwa wa kwanza kwenye foleni, anakinga sagardo, pombe yetu ya matufaha, kwa glasi bila kumwaga hata tone. Tukasema mkono ule hauna kasoro. Kumbe daktari anasema tetemeko la ugonjwa huu wa ubongo mara nyingi hutulia mkono ukishika kazi, na hurudi ukipumzika. Miaka yote tulimtazama akiwa kwenye pipa, wala hatukumtazama akiwa kwenye kiti.

Na kuna ule ukuta wa ghala anaoandika kwa chaki, kila mwaka mstari mmoja, aina za matufaha na idadi ya mapipa. Wiki iliyopita nilipeleka taa nikausoma wote. Mistari ya juu ina herufi kubwa kama kiganja. Ukishuka zinapungua, zinapungua, mpaka za juzijuzi zinatoshana na punje za mchele. Sisi tulimwita bahili wa chaki. Mimi hata nilimnunulia boksi zima siku yake ya kuzaliwa ili nimcheke. Daktari aliniambia mwandiko kupungua hivyo ni dalili, na huweza kutangulia miaka kabla ya mtu kujijua. Nilikaa juu ya pipa nikalia kidogo, sikufichi.

Uliniuliza hicho kitu anachoweza kuturithisha baba ni nini hasa. Jeni yenyewe inaitwa LRRK2, na protini inayotokana nayo wataalamu waliipa jina la dardarin, kutokana na neno la lugha yetu lenye maana ya kutetemeka, kwa kuwa familia za huku zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuchunguzwa. Kazi yake ni kubandika alama ya kikemikali iitwayo fosfeti kwenye protini nyingine, na alama hiyo ndiyo inayosaidia kuelekeza mizigo na taka ndani ya seli. Ile ya baba ina kosa dogo, nayo inabandika kupita kiasi. Nilimweleza kwamba ni kama kibarua anayetia chaki kila pipa, lililojaa na tupu, hata wapakiaji wasijue la kutoa. Baba akasema basi huyo kibarua anamfahamu, ni Koldo.

Sasa nifike ninapopakwepa. Majira ya kuchipua, majibu ya kipimo changu yalipotoka, nilikwambia kwenye simu kwamba niko safi. Nilikudanganya, kaka. Kosa la baba ninalo. Graciana alikuwa mjamzito, nawe ulikuwa hulali, nikaona nisubiri mtoto azaliwe. Nisamehe.

Lakini usininunie wala usinililie. Kuwa nalo si kuugua. Wapo wanaozeeka nalo bila kutetemeka. Dawa za kuituliza hiyo protini zinajaribiwa, nami nimejiandikisha kwenye utafiti. Nala vizuri, nafanya kazi niipendayo, na kwa kweli nina furaha kuliko miezi ile ya kusubiri majibu. Jibu langu si jibu lako pia. Uwezekano wako wa nusu kwa nusu uko palepale, upime usipime, uamuzi ni wako.

Ombi langu ni moja. Nitakuandikia kwa mkono kila mwaka tukimaliza kukamua. Zitunze barua kwa mpangilio, hii iwe ya kwanza, na kila mpya ikija uilaze kando yake. Herufi zikianza kupungua, usifanye mzaha na wala usinyamaze. Niambie wewe kwanza.

Mama anakusalimu, na baba pia. Nimempa nafasi aandike mwenyewe hapa chini. Ana karibu nusu ukurasa, ametumia mstari mmoja. Tafuta miwani.

Dada yako akupendaye,
Maialen

*Mwanangu, chaki bado ipo. Baba.*