Nanga za Safu ya Mwisho

Järnvik, Jumapili

Dada yangu Ingegerd,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji Folke na mtoto hamjambo, na kile kikohozi chake kimepungua. Mimi mwili mzima, ila usingizi umenikimbia. Utashangaa ndugu anayekaa mtaa wa pili kukuandikia barua na kuipenyeza usiku chini ya mlango wako. Kwa mdomo ningekosa uso wa kukutazama.

Unajua tangu Agosti ninajifunza kwa mzee Gudmund kujenga kuta za ndani za tanuri. Kwanza unachomelea nanga, vile vyuma vyenye umbo la V, kwenye ganda la tanuri. Ndizo zinazoshika zege lisiporomoke. Kila ncha unaivika kikofia cha plastiki. Moto ukiwaka kikofia kinaungua, na chuma kikivimba kinapata nafasi. Bila kikofia, chuma kinapasua zege. Gudmund hutania kwamba nanga ni kama yeye ndani ya suruali yake ya harusi: ukimbana, kitu kitachanika tu.

Ijumaa tulikagua. Desturi yetu, aliye ndani anagonga kila nanga kwa nyundo, aliye nje anajibu kwa pigo moja kwenye ganda, ndipo unaendelea. Niliingia peke yangu na taa. Niligonga nanga mia mbili na zaidi, na kila moja ikapata jibu lake bila kuchelewa. Nilipofika safu ya mwisho, darini juu ya mlango, jibu likakoma. Niligonga tena na tena. Kimya. Nikamtukana mzee moyoni, nikidhani amesinzia.

Nikatoka. Nje hapakuwa na mtu. Gudmund nilimkuta kantini anakula andazi la mdalasini. Akasema aliitwa ofisini kabla sijagonga hata mara moja, na mbona nimepauka hivyo, au nimekutana na marehemu mama mkwe wake? Wenzake wakaangua kicheko.  Mimi niliogopa, dada, kuliko siku zote za maisha yangu.

Sasa lililonifanya niandike. Nilirudi nikamulika ile safu: ncha zote zilikuwa tupu. Vikofia arobaini vilikuwa bado kikashani. Wamwaga zege walikuwa tayari wanapanda ngazi, na gari la kwenda kuwinda kulungu lilikuwa linanisubiri langoni. Nikakificha kikasha ndani ya begi langu, nikawaambia kazi imekamilika, wamwage.

Kesho saa mbili Folke ndiye anayewasha tanuri hilo. Atasimama mlangoni, chini ya safu ile.

Alfajiri nitakwenda kwa mkuu wetu, Bi Hjördis, nimwambie zege libomolewe. Lakini najijua: leo nimefika mlangoni kwake mara mbili, nikageuza. Bi Hjördis asipokupigia simu kufikia saa moja asubuhi, mpelekee barua hii. Na Folke usimwache atoke, hata ikibidi umfichie buti zake.

Nisalimie mama, na mtoto mbusu kwa niaba yangu. Folke akiuliza ni nani aliyesema kazi imekamilika, usinifichie.

Nduguyo,
Eskil