Vipengo vya Ukucha kwenye Kadi za Uholanzi

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Zile kadi za Kaka Salim nilizokuwa nakusomea mwaka mzima, hazikuwepo.

Zilikuja tatu tu, kadi za posta zenye picha. Ya kwanza lango la kale la matofali, ya pili kanisa, ya tatu mnara wa taa. Baada ya hapo Salim akanyamaza huko huko kwenye mji wake wa pwani ya Uholanzi, anakoosha vyombo hotelini. Namba yake ya simu ikafa, na kwenye kadi hakuwahi kuweka anwani. Na wewe, macho yameshachukuliwa na kisukari, kila Jumamosi unauliza, "Zuhura, posta hawajaleta kitu?" Siku moja nikashindwa kusema hapana. Nikachukua ile kadi ya kanisa, nikakupa uishike, halafu nikakusomea maneno yangu mwenyewe.

Ilikuwa rahisi, na hilo ndilo linaloniumiza. Salim kakulia hapa Johannesburg, anaandika Kiingereza. Kiingereza chako na Mama ni cha kupimia wateja suruali. Mimi mlinipeleka Tanga kwa Bibi mpaka darasa la tano, kwa hiyo Kiswahili na Kiingereza vyote vilipita mkononi mwangu. Nani angenikagua?

Nikakujengea mji. Nyumba nyembamba, kuta zake za mbele zinapanda kama ngazi mpaka kwenye paa. Ghala la chumvi lenye milango ya kijani. Ndani ya kanisa, meli ndogo ya mbao imening'inizwa darini kwa ajili ya waliozama. Hiyo meli ni ya kweli, Salim aliiandika. Halafu, kwa kuwa shuleni nasoma sanaa, nikaweka na mambo ya kisasa: jumba la vioo, na mbele yake, juu ya ukuta wa bahari, mtu wa chuma. Hana uso. Ameketi, mikono magotini, ameupa mji mgongo. Nikasema wamemwacha ashike kutu makusudi. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Wazungu bwana. Sisi tunapiga geti rangi kila mwaka, wao kutu wanaiita sanaa." Kisha ukauliza anamngoja nani. Nikasema kadi haijasema.

Ulipofariki, Mama aliniambia nimwandikie Salim. Nikamwambia nimeandika. Ningeandika wapi, Baba? Mama akangoja. Siku ya arobaini yako, mbele ya wageni, akasema taratibu kabisa, "Mtoto anayejua baba yake kafa akanyamaza, huyo si wangu. Nimebaki na Zuhura." Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikaendelea kugawa vikombe.

Jumanne iliyopita nimerudi kutoka shule, nimekuta kadi kwenye sanduku la getini. Kadi ya kweli, stempu ya kweli, mwandiko wa Salim uliolala upande. Nikaigeuza kuangalia picha.

Ukuta wa bahari. Jumba la vioo. Mtu wa chuma, ana kutu, hana uso, ameketi, mikono magotini.

Niliisoma pale pale getini. Salim ameandika kwamba tumsamehe, mwaka na nusu hajaandika, makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa mabaya na aliona aibu. Ameandika kwamba sanamu hiyo imewekwa mwezi uliopita tu, na kila akipita anamwona Baba, alivyokuwa akikaa mlangoni mwa duka letu la ushonaji hapa Rosettenville. Anauliza macho yako yanaendeleaje. Safari hii ameweka anwani.

Nikaenda kuiunganisha na zile tatu kwenye kopo lako la vifungo. Nilipozishika, kidole kikanasa pembeni. Vipengo vya ukucha, Baba. Vile ulivyokuwa ukiviweka kwenye pindo la kitambaa ili vipande viwili vijuane. Kila kimoja kina mstari wa pili mwembamba kando yake, kwa sababu ya ukucha wa dole gumba lako uliopasuliwa na sindano ya cherehani. Kanisa lina vitano. Mnara, vitatu. Lango, vinne. Kila niliposoma ulikuwa unaweka kimoja. Ulijua ni kadi zile zile. Ndiyo maana ulikuwa unasema, "Huyu kaka yako naye. Mji mdogo hivyo, lakini hauishi." Na mimi nikadhani unamsifia Salim.

Eish, Baba. Ungeniambia tu.

Halafu nikaipitishia kidole na ile mpya. Chini ya mtu wa chuma kuna kipengo. Kimoja, na mstari wa pili kando yake. Wewe ulikuwa na miezi miwili kaburini ilipofika. Nimejaribu kukitengeneza kwa ukucha wangu, kwenye kadi ya zamani. Hakifanani.

Tangu siku hiyo Mama ananiuliza kwa nini nageuza kiti chako cha mlangoni kielekee ukutani. Sijakigusa.

Siogopi sana. Naogopa kitu kingine: kwamba naweza kumsomea Mama kadi hii vyovyote nipendavyo. Naweza kumwambia Salim amelia, ametuma pole. Angeamini. Lakini Salim hajui kwamba huna macho wala pumzi, na Mama anamkataa kwa kosa ambalo ni langu.

Kwa hiyo nakuahidi. Nitamsomea neno kwa neno, pamoja na mahali anaposema hajaandika mwaka na nusu. Halafu tutamwandikia Salim, Mama aseme, mimi niandike alichosema.

Cherehani imenyamaza. Ndala za Mama zinakuja koridoni. Siku zote nikikuandikia, hapa ndipo ninapoificha karatasi chini ya daftari la hesabu.

Kwaheri, Baba. Kama ni wewe uliyekaa kwenye ule ukuta, endelea kutazama maji. Huku nyuma niachie mimi.

Amefika mlangoni. Karatasi iko juu ya meza, na kadi iko juu yake.

Zuhura wako