Nyumba ya Bibi Evanthia

Asenovgrad, Bulgaria
12 Machi 2009

Mdogo wangu mpenzi Kamen,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sofia, na kwamba mgongo umekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo, ila miguu yangu siku hizi ina maneno mengi kuliko jirani yangu Penka. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe na mimi tunazozana kabla hata ya kusalimiana.

Ufunguo umefika. Nimeuning'iniza shingoni kama mtoto wa shule. Miaka thelathini na saba nimepika uji wa watoto wa watu, na leo nina nusu ya nyumba Ugiriki, hatua mia mbili kutoka baharini! Penka anasema, "Utaungua jua, Zdravka, ubambuke kama kitunguu." Wivu huo.

Sasa nisikilize. Nataka wiki mbili za Juni. Ndivyo tulivyokubaliana: tuitumie wenyewe, na tusipokuwepo tuipangishe. Begi nimeshalifunga.

Na yule bibi aliyetuuzia, Evanthia, amepata pa kukaa? Siku ya kutia saini alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu anayezama. Sijaisahau mikono ile.

Dada yako,
Zdravka

Sofia, 4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mgongo unauma, lakini nani ana muda wa kuusikiliza? Kila wiki nashuka Ugiriki na kurudi. Nimebadilisha vigae vya paa, nimepaka rangi, nimeleta vitanda sita.

Juni haitawezekana. Familia moja ya Waromania imechukua mwezi mzima. Usinune. Juni si mwezi wa kulala, ni mwezi wa kuvuna! Njoo Septemba, bahari inakuwa na joto zaidi.

Yule bibi amepanga chumba nyuma ya duka la mikate. Ila kila asubuhi anakuja na ufagio wake mwenyewe, anafagia uwanja, anaondoka. Nimemwacha. Ni usafi wa bure.

Kuna nyumba nyingine inauzwa kijiji cha pili. Nimekwenda kuiangalia mara tatu. Sijui nina nini, Dada. Nikikaa chini nahisi kuna mtu ananipita.

Mdogo wako,
Kamen

Asenovgrad, 21 Juni

Kamen,

Hujambo? Mimi sijambo, kama unataka kujua.

Leo Penka ameniuliza tena, "Hivi ile Ugiriki yako inahama? Mbona hufiki?" Nimemfungia dirisha. Waromania wameingia baharini mimi nikiloweka miguu kwenye beseni. Septemba sitaki kusikia hadithi.

Zdravka, ambaye ni dada yako pia, si mbia wako tu

Sofia, 16 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya. Silali vizuri.

Wapangaji wamelalamika. Waliamka saa kumi na mbili asubuhi wakamkuta bibi jikoni anakaanga dagaa. Alikuwa amebaki na ufunguo wake wa zamani! Ikabidi nibadilishe kitasa. Sasa anakaa langoni na kuwakaripia watu wasimwage maji ya sabuni kwenye mzabibu.

Nilimfokea, Dada. Mbele ya watu. Nilimwambia, "Umeuza! Huelewi neno umeuza?" Alitazama viatu vyangu tu, mpaka nilipoondoka mimi.

Septemba Wajerumani wamechukua. Najua, najua. Oktoba, naapa kwa kaburi la mama. Na ufunguo ulio nao haufungui tena, nitakuletea mwingine.

Kamen

Ugiriki, 9 Septemba

Kamen,

Salamu kutoka kwenye nyumba yetu. Au tuseme, kutoka nje ya nyumba yetu.

Nilipanda basi bila kukuaga. Nilifika saa nane mchana, nikauzungusha ufunguo, ukagoma. Mjerumani akanifungulia, amevaa chupi ya kuogelea, mpole kweli, haelewi kwa nini ajuza wa Kibulgaria anamtikisia ufunguo usoni. Nilicheka. Kisha nikakaa kwenye mawe ya langoni nikalia.

Sauti ikasema pembeni yangu, kwa Kibulgaria, "Sogea kidogo, mwanangu." Alikuwa Evanthia. Mama yake alizaliwa mji wetu, Kamen, akahamishiwa huku akiwa binti, zama zile Wagiriki walipoondolewa Bulgaria. Alimwachia mwanawe maneno kama thelathini, ya jikoni na ya matusi. Yanatutosha.

Nalala chumbani kwake nyuma ya duka la mikate. Kitanda ni kimoja, tunanyang'anyana blanketi. Nilimuuliza, "Kwa nini unarudi pale kila siku?" Akajigonga magoti, akasema, "Hii miguu inaamka kabla yangu." Watoto wake watatu, waliomshinikiza auze, walisimama nyuma ya kiti chake akitia saini. Nyuma walikuwa wao. Mbele, wenye kalamu, tulikuwa sisi.

Wajerumani wanaondoka tarehe ishirini na saba, na ufunguo wataniachia mimi. Siku hiyo naingia, naye anaingia. Oktoba hadi Aprili, miezi ambayo hakuna anayeitaka, ni yangu. Kiangazi ni chako, lakini yeye atalala kile chumba cha nyuma ulichotaka kufanya stoo. Sikuombi. Nakuarifu.

Dada yako

Ugiriki, 2 Novemba

Kamen,

Hujambo? Kwa nini hujibu? Andika hata tusi. Nikisikia gari natoka nje.

Dada

Sofia, 2 Desemba

Dada,

Shikamoo. Sikuwa na hasira. Sikujua niandike nini.

Jumapili nilikuja. Niliacha gari kanisani, nikaizunguka nyumba mara mbili. Madirisha mmeyapaka buluu. Nilisikia mnagombana kwa sauti kubwa iwapo kabichi ya kujaza nyama inatiwa limau au haitiwi. Nikasimama pale na mkono juu, tayari kubisha. Kisha nikarudi zangu, saa nyingi barabarani, bila hata kunywa kahawa.

Njiani nikakumbuka jambo. Tangu tuinunue, sijalala ndani hata mara moja. Nilikuwa nalala garini ili mashuka yabaki safi kwa wageni. Wewe unanidai Juni, na mimi nimdai nani? Ile nyumba ya pili nimewaambia siitaki.

Ningeingia, Dada. Lakini yule bibi ningemwambia nini?

Mdogo wako,
Kamen

Ugiriki, 12 Desemba

Mdogo wangu Kamen,

Sisi hatujambo, na miguu imenyamaza kidogo.

Tulikuona, mjinga wewe. Evanthia alikuona kwanza. Akasema, "Kuna mwanamume huko nje anaizunguka nyumba. Anataka kuinunua?" Nikamwambia, alishainunua. Akachungulia tena, akakutambua. Nilidhani angefunga dirisha. Akaenda kabatini akatoa sahani ya tatu.

Mpaka nimevaa viatu na kufika langoni, gari lilikuwa linakata kona. Nilikuita. Hukusikia, au ulisikia.

Krismasi ni Ijumaa. Tutakula saa saba mchana. Barua yako nimemsomea polepole, kwa yale maneno thelathini, na nikamuuliza ukija uanze kwa kusema nini.

Amesema, "Asiseme kitu. Ale."

Dada yako,
Zdravka