Jembe la Mchumba Wangu Linadunda

Mpendwa mshauri, Shangazi yetu wa Jumamosi, naomba msaada kabla sijapasuka, na jina langu naomba uliache, niite Taratibu tu kama wenzangu wa kazini wanavyoniita, kwa sababu mchumba wangu ni msomaji wako mkubwa, kila Jumamosi asubuhi naenda kwao kunywa chai na yeye huisoma safu yako kwa sauti mbele ya mama yake, neno kwa neno, na wote wawili huwacheka wanaume wanaokuandikia, nami hucheka nao ili nisishukiwe.

Shangazi, mimi ni dereva wa mashine ya kubeba magogo kwenye shamba la miti, ile yenye matairi yanayonizidi kimo, miti ikishakatwa mimi ndiye ninayeyaokota magogo na kuyatoa hadi barabarani, na huyu mchumba wangu ni kiongozi wa kikosi cha kupanda miche, yaani mimi nikitoka wao ndio wanaingia, na tulifahamiana hivyo hivyo, mimi natoka yeye anaingia, mpaka siku moja nikasahau kutoka.

Sasa sheria ya kazi yetu ni kwamba mashine inapita kwenye njia zake tu, na hiyo njia unaitandikia matawi kwanza ili uzito usiushukie udongo wote kwa pamoja, na mvua ikinyesha unasubiri ardhi ikauke, haya yote nayajua, nimefundishwa na nimewafundisha wengine, lakini msimu wa mvua uliopita mapenzi yalikuwa mapya na lori la wapandaji lilikuwa linaondoka mapema, na kufuata njia zangu kungenichelewesha, kwa hiyo nikawa nakata katikati ya kipande cha bondeni na shehena yangu nzima ya magogo, udongo ukiwa chepechepe, bila tawi hata moja chini, ili tu niwahi kufika karibu na lori nimpungie mkono, na yeye alikuwa anatabasamu, basi kesho yake nikakata tena, na keshokutwa, hadi pale katikati pakawa na barabara yangu mwenyewe.

Ningejuaje kwamba kipande hicho hicho ndicho atakachopewa yeye kupanda? Sasa akipiga jembe linadunda, mvua ikinyesha maji yanasimama juu badala ya kunywewa, miche imegeuka njano, na mmoja aliung'oa akaja nao mezani kutuonyesha, mzizi umeshuka kidogo ukakutana na udongo mgumu ukajikunja kama kiwiko, mama mkwe wangu mtarajiwa akauliza ni tembo gani huyo aliyepita hapo, na mchumba wangu akasema, nikimpata nitamzika huko huko, shida ni kwamba shimo halichimbiki. Nilicheka, Shangazi. Chai ilinipalia lakini nilicheka.

Ningenyamaza yaishe, ila msimamizi ameitisha kikao akasema miche inakufa kwa sababu kikosi kinapanda ovyo, na hali ikiendelea hivi atatafuta kiongozi mwingine, mchumba wangu akasimama akajitetea mpaka sauti ikamkatika, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma nakagua dari kama fundi aliyeitwa kuitengeneza. Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Nikisema namkosa, na siku ya harusi imeshapangwa, nisiposema anapoteza kazi kwa kosa langu huku ananimiminia chai.

Linalonipa moyo ni moja tu, kwamba yeye hajui lolote, maana siku hizi amekuwa mpole kwangu kupita kawaida, habari za kumzika mtu ameziacha, anasema tu kwamba anamsubiri mhusika aje mwenyewe, na majuzi alikuja hadi kwenye mashine yangu, akaizunguka, akaligusagusa lile tairi la nyuma ambalo meno yake ni tofauti na ya mengine kwa sababu lilibadilishwa peke yake, akaniambia lina alama nzuri, halafu Jumamosi iliyopita akanizawadia jembe jipya, mpini umefungwa utepe. Nimelitundika ukutani. Nifanyeje, Shangazi?

Wako katika mateso,
Taratibu

*

Taratibu,

Nimekusoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimekaa na ya pili nikiwa nimejishika mbavu. Pole sana, mwanangu. Naona unapenda kweli, na mtu anayekosa hamu ya kula kwa sababu ya mzizi wa mche bado hajaharibika. Pole imeishia hapo, sasa kaa vizuri.

Umeniomba nikufiche, kisha ukanipa jina ambalo kazini kwenu kila mtu anakuita. Mtoto anayejificha nyuma ya pazia huku miguu iko nje ana akili kukuzidi. Na hilo jina lenyewe walikupa lini, kabla hujaanza kukimbiza lori la wapandaji na magogo mgongoni, au walikuwa wanakutania?

Eti hajui lolote. Baba, huyo ni mtu anayeinama juu ya udongo huo kutwa nzima. Alama za matairi yako zimekauka mbele ya macho yake, anazijua kama mistari ya kiganja chake. Akaja kwenye mashine yako, akayaacha matairi yote akaligusa lile moja, akakwambia lina alama nzuri, ukafurahi. Akakununulia jembe, ukalitundika ukutani. Mwanamke akikupa jembe hana shida na mapambo ya nyumba yako. Anajua, na huo upole unaokupa moyo ni wa mtu aliyekuachia mlango wazi akakaa pembeni kuona kama utaingia.

Kwa hiyo swali la umwambie au usimwambie halipo tena. Hilo la kukanyaga shamba nadhani ameshaanza kulimeza, lingekuwa limemshinda, jembe lile lingekuja bila utepe. Kinachomkaa kooni ni dari. Siku ile ya kikao alihitaji mtu mmoja tu wa kusema neno moja, na mtu huyo alikuwa nyuma yake, mzima wa afya, anahesabu mbao. Hapo ndipo nilipokukasirikia, na bado.

Tena nakuonya, usithubutu kumwambia kwamba uliyafanya yote kwa ajili yake. Najua sentensi hiyo umeshaifanyia mazoezi mbele ya kioo. Yeye alitabasamu tu, usukani ulikuwa mikononi mwako. Usimtwishe na magogo yako.

Sasa sikiliza. Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, utakwenda kwa msimamizi, na kikosi cha wapandaji kiwepo kinakusikia, useme kwamba aliyeushindilia udongo ule ni wewe, ulipita wakati wa mvua, nje ya njia, bila matawi, na kwamba miche ilipandwa vizuri mahali pabaya. Huenda ukashushwa kwenye mashine kwa muda. Shuka. Omba ardhi ikikauka lipitishwe trekta lenye meno marefu, liupasue udongo huo kwa chini, ndipo miche mingine ipandwe. Kule trekta lisikofika, wewe una jembe. Na usijidanganye kwamba utamaliza wikiendi moja. Udongo ukishashindiliwa unachukua miaka kurudia hali yake, hata watoto wenu wakianza shule utakuwa bado unauona mstari wako pale bondeni, miti ya pembeni mirefu na ya katikati mifupi. Utazoea. Na kuanzia sasa tandika matawi yako, mvua ikinyesha tulia, na ukitaka kumpungia mtu mkono, teremka utembee kwa miguu kama watu wengine.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna leo, na leo ni Jumamosi. Kama nimekuelewa, uko kwao, chai imeshamiminwa, mama yuko pale, na anayesoma amefika hapa hapa. Binti yangu, pumzisha sauti kidogo, umeifanyia kazi ya kutosha. Mama, usicheke kwanza. Taratibu, weka kikombe chini, uangalie uso wake, dari uiache, useme. Ukimaliza, mwende nyumbani kwako mkalitungue jembe.