Katoni za Mombasa

Mjukuu wangu Wakesho,

Nakusalimu kutoka Blaine, nje kidogo ya Minneapolis. Nyanya yako yu mzima, goti tu linamsumbua, na theluji imetufungia ndani tangu Jumapili. Umeuliza kwa nini nilitoka nje ulipopigwa ule wimbo kwenye harusi ya mjomba wako.

Miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi, na jioni nilikuwa karani katika ghala la kaseti hapa Minneapolis. Wimbo huo wa kantri ulikuwa umependwa dunia nzima, nami nilijaza karatasi za kusafirisha katoni zake: Oslo, Manila, Sydney. Siku moja zikaja za Mombasa. Mama yangu alikuwa amelazwa huko huko, hali yake mbaya.

"Jipakie humo, kijana," alinitania Mama Neema, Mtanzania niliyefanya kazi naye. "Wimbo hauulizwi viza."

Ili niende na kuruhusiwa kurudi, nilihitaji sahihi moja ya afisa wa chuo kwenye karatasi za viza yangu. Lakini nilikuwa nikifanya kazi saa nyingi kuliko anazoruhusiwa mwanafunzi mgeni, nikaogopa ataniuliza habari hiyo. Nikabandika lebo, katoni zikaondoka. Mama alizikwa bila mimi.

Mwezi uliofuata ndipo nilipomwendea yule afisa, ili nikalione kaburi. Alitia sahihi bila hata kuinua macho.

"Unakwenda kutembea?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

Siku hizi mimi huuliza mapema, hata nikiogopa. Nyanya anakusalimu, anasema uvae soksi nzito.

Ni mimi babu yako.